Waja Leo Waondoka Leo: Ukishashuka Melini, Nani Anakufikisha Uwanjani?

Maswali ya Safari, na Shangazi wa Chumbageni

Mwezi huu barua za meli za kitalii zimezidi barua za mabasi. Sikatai, ingawa meli tulizozoea kuzitazama sisi kutoka Raskazone, hapa Tanga, ni za mizigo. Wengi mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti: safari ya majini imekwisha, mabegi yako miguuni, ndege bado, sasa twende wapi? Naanza na mwalimu wa Makorora kwa kuwa barua yake ina mengi ndani. Wengine nikiwajibu kwa mistari michache msinune.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Binti yetu aliyeko Uingereza ametulipia mimi na mume wangu safari ya wiki moja ya meli ya kitalii, tunapanda Barcelona na kushukia Civitavecchia, Italia. Karatasi zinasema meli inafunga gati saa 11 alfajiri. Ndege yetu ya kurudi Dar inaondoka uwanja wa Fiumicino saa 5 na nusu usiku siku hiyohiyo. Meli inauza usafiri wa kutupeleka uwanjani moja kwa moja, na pia matembezi ya Roma yanayoishia uwanjani. Jirani anasema tupande treni. Binti anasema tuagize gari binafsi. Mume wangu ana presha, na goti lake moja halitaki ngazi. Tushike lipi?
*Mwalimu mstaafu, Makorora*

Marahaba mwalimu, na hongera kwa binti mwenye kukumbuka wazazi.

Kwanza hiyo saa 11 alfajiri. Hiyo ni saa ya kufunga kamba, siyo saa yenu ya kukanyaga nchi kavu. Meli ikishatulia gatini wakubwa wa bandari wanamaliza mambo yao, mabegi ya watu maelfu yanashushwa, ndipo abiria wanaitwa kwa makundi kulingana na rangi au namba ya kibandiko kilichofungwa kwenye mabegi yao. Wanaobeba mizigo yao wenyewe hutangulia. Kwa kawaida mtu anajikuta nje ya jengo la abiria kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Na msifikiri mtajilaza chumbani hadi muitwe. Mchana huohuo meli inapokea abiria wengine, na wasafishaji watakuwa mlangoni na mashuka mikononi. Mkimwambia dereva saa 3 na nusu mko salama. Mkimwambia saa 12 asubuhi kwa kuwa meli imefika, mtamlipa kwa kusinzia.

Sasa pigeni hesabu. Kutoka saa 3 na nusu asubuhi hadi saa 5 na nusu usiku ni saa 14. Ule usafiri wa moja kwa moja ungewafikisha Fiumicino kabla ya saa 5 asubuhi, na kaunta za mashirika mengi ya ndege hufunguliwa saa tatu au nne tu kabla ya ndege kuruka. Maana yake hata mabegi hamna wa kumkabidhi. Mtakaa nayo, na msalani mtakwenda kwa zamu. Usafiri ule unamfaa mwenye ndege ya saa 8 au 9 mchana, naye namwambia aununue bila kuuliza mara mbili. Kwenu ninyi ni adhabu ya kujinunulia. Na aliyekatiwa ndege ya kabla ya saa 6 mchana siku ya kushuka melini, akaibadilishe leo, asingoje kuona kama bahari itamhurumia.

Jirani yenu na treni yake hakosei, ila hana goti la mumeo. Kutoka melini kuna basi la bandari, la bure, hadi mahali paitwapo Largo della Pace. Kutoka hapo unapanda basi la kulipia au unatembea hadi stesheni ya Civitavecchia, na treni ya kawaida inafika Roma kwa takriban saa moja. Ukishukia stesheni ya San Pietro uko karibu na Vatikani. Ukiendelea hadi Termini kuna pa kuwekea mabegi kwa malipo, na hapohapo inaondoka treni ya Leonardo Express inayokwenda uwanjani bila kusimama njiani, dakika 32, tiketi euro 14. Kijana mwenye begi la mgongoni ningemwambia apite huko na nisimwongezee neno. Lakini masanduku mawili, kupanda na kushuka stesheni baada ya stesheni, na mzee anayetakiwa kumeza dawa kwa saa yake, hapana.

Yanabaki mawili, na hapa ndipo watu wanapochanganya bei.

Matembezi ya meli yanayoishia uwanjani yanauzwa kwa kichwa. Mabegi yenu yanalala tumboni mwa basi, mwongozaji anatangulia na kibendera, na meli ikichelewa kufunga gati hilo ni la meli kulibeba, si lenu. Huo ndio uzuri wake, nao si mdogo. Ubaya ni kwamba mnakwenda kwa mwendo wa watu arobaini. Mumeo akitaka kukaa kidogo kwenye kivuli, kibendera kimeshakata kona. Pia ulizeni kabla ya kulipa: yanaisha saa ngapi? Mengi hupangwa kwa watu wenye ndege za alasiri, kwa hiyo mnaweza kutupwa uwanjani saa 9 mchana na mkarudi palepale pa kukaa na masanduku kwa saa nyingi.

Gari binafsi linauzwa kwa gari. Watu wawili linaonekana ghali, watu wanne mara nyingi linashinda bei ya meli. Kama kuna jozi nyingine ya wazee mtakaozoeana nao melini na ndege yao ni ya usiku, gawaneni, ila mhakikishe gari lina nafasi ya masanduku yenu yote na siyo watu wanne tu. Binti yenu akiagiza, amuulize mwenye gari haya kwa maandishi, na majibu ayahifadhi kwenye simu zenu pia: Meli ikichelewa saa mbili, utasubiri, na kwa malipo gani? Utasimama ndani ya bandari karibu na meli yetu au nje ya geti? Tukiwa tunatembea, wewe utakaa na gari au utaliegesha mahali uende zako? Bei imejumuisha maegesho na ushuru wa barabara? Dereva anayejibu hayo vizuri kwa ujumbe wa simu ndiye atakayekuja vizuri. Anayejibu "hakuna shida" kwa kila swali mwache. Jambo jingine: dereva ni dereva. Akiwapeleka mahali atawaeleza mawili matatu garini, lakini wa kuingia nanyi ndani na kufafanua ni mwongoza watalii mwenye leseni yake, analipwa peke yake. Msije mkamlaumu kwa kubaki nje.

Uamuzi wangu ni gari binafsi, lije saa 3 na nusu. Hadi Roma ni kama kilomita 80, kwa hiyo saa 5 asubuhi mko mjini. Msijaribu kuona kila kitu. Chagueni Kanisa la Mtakatifu Petro na mahali pengine pamoja pa kukaa na kutazama watu, basi. Kuingia kanisani ni bure ila kuna foleni ya ukaguzi, na mabegi makubwa hayaruhusiwi ndani, ndiyo maana lile swali la dereva kukaa na gari ni muhimu. Mabega na magoti yafunikwe. Ninyi wenye kanga hilo halina mjadala, na wazungu utawaona wananunua mitandio ya haraka mlangoni. Tazameni pia kalenda: Jumatano asubuhi Papa akiwa na mkutano na mahujaji, uwanja wa mbele ya kanisa hufurika na kanisa huchelewa kufunguliwa kwa wageni, na Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Kama siku yenu imeangukia mojawapo, geuzeni ratiba, anzeni na chemchemi ya Trevi.

Saa 10 alasiri mwambieni dereva aanze kuteremka upande wa uwanja. Mji wa Fiumicino wenyewe, nje kidogo ya uwanja, ni mji wa wavuvi wenye mikahawa ya samaki kando ya maji. Kaeni pale taratibu, mle, mumeo anyooshe goti. Atalalamika kwamba samaki hawana nazi. Mwacheni alalamike. Saa 2 usiku mko uwanjani na kaunta ndiyo kwanza inafunguliwa.

Usiku wa mwisho melini ndio wenye mitego. Mtaambiwa muweke masanduku nje ya mlango wa chumba kabla ya saa 6 usiku, yachukuliwe, nanyi myakute ukumbini asubuhi. Hayo masanduku hamtayaona tena hadi mshuke. Kwa hiyo pasipoti, dawa zote za presha, miwani, chaji ya simu, karatasi za ndege na nguo za kuvaa kesho yake vibaki kwenye mkoba wa mkononi. Katika safari niliyokwenda mimi baba mmoja alishuka gatini na suruali ya kulalia na ndara za melini, kila kitu kingine alikuwa amekikunja kwa nidhamu na kukitoa nje usiku. Mkewe alitembea hatua kumi mbele yake. Masanduku yapigeni picha, na myafunge kipande cha kitenge kwenye mpini, maana ukumbini mtakuta meusi mia tano yanayofanana. Na kama meli ilizichukua pasipoti mwanzoni mwa safari, kama baadhi zinavyofanya, zifuateni mapokezi jioni ya kabla ya kushuka.

Viza ndiyo ingetangulia, lakini najua ninyi mlianza na matembezi. Kwa pasipoti yetu mnahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Tazameni ratiba ya bandari: kama kati ya Barcelona na Civitavecchia meli inapita Tunisia, Uturuki au Montenegro, mmetoka nje ya eneo la Schengen na mtataka kurudi ndani. Ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na ratiba ya meli muiambatishe kwenye maombi. Msiposhughulikia hilo mnaweza kuzuiwa hata kupanda meli kule Barcelona, na hapo hakuna dereva wa kuwasaidia.

Mkifika Dar msiunganishe na Tanga siku hiyohiyo kama ndege inatua jioni. Laleni. Asubuhi, kutoka uwanja wa Nyerere kwenda stendi ya Magufuli, mwambieni wa teksi apite Banana, Kinyerezi, Malamba Mawili atokee Mbezi, asiwazungushe mjini. Mkitaka ndege ndogo ya kuja Tanga kumbukeni kwamba hizo huruhusu kilo 15 tu, tena kwa begi laini, na masanduku yenu ya kilo 23 yatakuwa mgogoro mwingine.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Bagamoyo, natembeza wageni Kaole na Mji Mkongwe. Nimepata ujumbe kutoka kwa mke na mume, Wajerumani. Meli yao inafika Unguja saa 12 asubuhi, wanataka wavuke, niwatembeze Bagamoyo, kisha niwafikishe uwanja wa Nyerere kwa ndege ya saa 6 kasoro usiku. Wameuliza bei. Nimeshindwa kulala. Nikubali?
*Mwongoza wageni, Dunda*

Lala, mwanangu. Kwanza waulize swali moja: safari yao inaishia Unguja au meli inapita tu? Meli nyingi za kitalii Unguja kwao ni kituo cha mchana, na jioni zinang'oa nanga. Kama wanatakiwa kurudi melini, usiwaguse hata kwa nusu bei. Meli inasubiri matembezi iliyoyauza yenyewe, haimsubiri mtu aliyekwama Tegeta.

Tuseme inaishia pale. Gati la Malindi na kituo cha boti viko jirani, hilo limekusaidia. Lakini hadi wateremke, wapate mizigo na wamalizane na uhamiaji, boti ya asubuhi usiitegemee. Panga ya mchana. Boti inachukua kama saa mbili, kwa hiyo saa 8 na nusu au 9 wako Dar. Kutoka bandarini hadi Bagamoyo, kwa Mwenge na Tegeta na Bunju unavyozijua, ni saa mbili ukibahatika. Umefika saa 11 jioni, jua linazama baada ya saa moja na nusu, na magofu hayaonyeshwi kwa tochi ya simu. Utawaonyesha nini? Ule msikiti wa Kaole wa karne ya 13 unataka utulivu. Misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, pale mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874 baada ya kina Chuma na Susi kuubeba kutoka bara, unataka saa nzima na maelezo yako. Kuwapitisha mbio na kuwaambia "kulia ni Ngome Kongwe" ni kuwauzia vumbi.

Ningekuwa wewe ningewaandikia hivi: mkiweza kusogeza ndege kwa siku moja, laleni Bagamoyo usiku mmoja. Wakifika jioni wanapumzika ufukweni, asubuhi mnaanza Kaole kabla ya jua kuwa kali, mchana Misheni na Boma la Wajerumani la mwaka 1897, ambalo hao wageni wako watakuwa na maswali nalo, saa 11 jioni mnaondoka. Kurudi usijipeleke Mwenge jioni. Ukifika Tegeta kata Wazo, Madale, Goba, ushukie Mbezi, halafu Kinyerezi hadi Banana. Hata hivyo jiwekee saa tatu za njiani, na waingie uwanjani saa tatu kabla ya ndege.

Wasipoweza kusogeza ndege, waambie ukweli kwamba siku hiyo inawatosha Unguja peke yake, na kama bado tiketi inabadilika waondokee uwanja wa Karume, ambao ni mwendo mfupi kwa gari kutoka gati. Mshikilie rafiki yako wa Mji Mkongwe wa Unguja mkono, yeye awatembeze, wewe ule kamisheni. Na wakumbushe kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya Zanzibar yenyewe, dola 44, hata kama ana bima ya kwao. Wazo la kuwavusha kwa jahazi la mizigo moja kwa moja hadi Bagamoyo, kama lilikupitia kichwani, litoe.

La mwisho kwako: unapoandikiana na wageni, saa ziandike kwa tarakimu za saa 24. Wewe ukiwaambia gari litakuja saa 2 usiku, andika 20:00. Nimeona gari likichelewa kwa saa sita kamili, wageni wameshaondoka kwa teksi, na pande zote mbili zikiapa zilielewana.

Shangazi, mimi nina Noah, niko Chuda. Ndugu yangu wa Mombasa amenipa wageni sita, meli yao inaishia Mombasa. Wanataka Amboni na Lushoto, kisha uwanja wa ndege. Niwafuate bandarini Kilindini? Na niwarudishe Mombasa?
*Dereva, Chuda*

Usiwafuate, na usiwarudishe.

Ukiingia Kenya na gari la Tanzania kubeba watalii utaanza mazungumzo marefu na watu wenye sare. Desturi ya kazi ni kubadilishana mpakani: ndugu yako awalete kwa gari la Kenya hadi Lunga Lunga, wewe uwapokee Horohoro. Mwambie atumie barabara ya Dongo Kundu aepuke feri ya Likoni, kwani wageni waliotoka melini wakiona foleni ya chombo kingine cha majini wanakata tamaa. Wageni wawe wameomba viza ya Tanzania mtandaoni kabla, na kila mmoja awe na kadi ya homa ya manjano maana wanatokea Kenya.

Namba ya Noah yako ni rangi gani? Kama ni ya njano, hilo ni gari la nyumbani, na trafiki wa Horohoro hadi Mombo watakukumbusha kila baada ya kilomita kadhaa. Kodi gari lenye namba nyeupe na vibali vya utalii kutoka kwa kampuni ya hapa mjini, wewe uendeshe kama wataridhia. Faida itapungua, lakini wageni hawatakaa kando ya barabara wakikutazama ukibembeleza.

Njia imekupendelea: mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kabla ya kuingia Tanga ukitokea Horohoro, kwa hiyo pitia palepale, usiwalete mjini kwanza ukawarudisha. Mabegi ya watu sita yatajaza gari, na pale Amboni kuna kuinama na kuteleza, kwa hiyo mtu mmoja abaki na gari. Siyo wewe na siyo mgeni, mtafute kijana umlipe. Jioni Raskazone, walale Tanga. Wakiwa na asubuhi ya ziada wapeleke makumbusho ya Urithi au makaburi ya Tongoni. Kisha Segera, Mombo, na ule mpando wa kilomita 33 hadi Lushoto. Ukipanda na gari zito la mizigo na watu sita, breki zako zikaguliwe Tanga, si Mombo.

Kutoka Lushoto kurudi Mombasa ni kuvuka mpaka tena bila sababu. Teremkeni Mombo, pindueni kulia, lami moja kwa moja kupitia Same na Moshi hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Waambie wakate tiketi za kuondokea huko tangu mwanzo. Ndugu yako wa Mombasa anaweza kununa kwa kukosa ile safari ya kurudi. Mpe chake mapema.

Shikamoo. Mwanangu ni baharia wa jikoni katika meli ya kitalii, mkataba wake unaisha mwezi ujao, meli itakuwa Marekani. Ananiambia nimtumie hela ya teksi ya kwenda uwanjani. Ni kweli wanajilipia?
*Mama, Mwambani*

Marahaba. Mkataba ukiisha, gharama ya kumrudisha nyumbani ni ya mwenye meli, na hilo limo katika Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006. Wakala wa meli bandarini ndiye anayewachukua mabaharia wanaoshuka, kwa gari lake, na kuwafikisha uwanjani na tiketi mkononi. Kama amevunja mkataba kabla ya muda au amefukuzwa kwa kosa kubwa, mambo hubadilika. Muulize taratibu, bila kelele, yeye yuko upande gani. Hela usitume kwanza.

Shangazi, mgeni wangu alishuka melini saa tatu baada ya muda tuliopatana. Nikamdai hela ya kusubiri, akaniandikia maneno makali. Nani mwenye haki?
*Dereva wa teksi, Bombo*

Mliandikiana kabla kwamba saa ya kwanza ni bure na zinazofuata zina bei? Kama mliandikiana, haki ni yako, mtumie ujumbe ule ule alioukubali, bila kuongeza neno. Kama hamkuandikiana, chukua nauli na umsamehe. Kwa mgeni ajaye weka mstari huo kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, juu ya bei ya safari na siyo chini yake, halafu mwambie akutumie jina la meli. Mahali meli ilipo unaweza kupaangalia kwenye simu yako bure, kwa hiyo ukiona bado iko nje ya mlango wa bandari, endelea na kazi nyingine.